Ziara ya Ghorofa ya Tatu

Vueni viatu hapa mlangoni.
Theluji ikiyeyuka inamwangukia Õnne, mfagizi,
na katika idara hii Õnne ndiye pekee
ambaye kazi yake ikiisha, inaonekana imeisha.

Karibuni Tartu. Mimi ni wa mwaka wa tano.
Profesa Kuusemäe aliniomba niwatembeze:
“Wewe una nafasi,” alisema.
Sina nafasi. Nimekwama,
na aliyekwama hutembea vizuri.

Hii ni mashine ya kahawa, na daftari lake:
kikombe kimoja, mstari mmoja, lipa mwisho wa mwezi.
Raivo alihitimu akaacha mistari arobaini na mmoja.
Hatujaifuta. Imedumu kuliko tasnifu yake,
iliyosomwa na watu wanne,
mmoja wao mama yake, aliyeishia kwenye shukrani.

Mlango ule unaonguruma ni wa seva. Msiingie na chai.
Baridi ikizidi mtamkuta humo Jevgenia wa Narva,
koti mabegani, eti anasubiri matokeo.
Anasubiri joto.
Msimwambie mnajua.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Jembe lenu ni msimbo wa mtu aliyekwisha kuondoka,
hauna maelezo ila mstari mmoja:
usiguse hapa, sijui kwa nini inafanya kazi.
Mtagusa.
Sote tuligusa.

Alhamisi, saa nane mchana, semina.
Mwaka wangu wa kwanza nilitikisa kichwa
kwa kila mlinganyo, hadi shingo ikauma.
Siku moja Kuusemäe, mvi hadi masikioni,
akainua mkono kama mtoto wa darasa la pili:
“Mimi nimepotea tangu slaidi ya tatu.”
Chumba kizima kikashusha pumzi.
Tangu siku hiyo nauliza. Shingo imepona.

Choo kiko kulia. Nyuma ya mlango wake
tumebandika barua za makala zilizokataliwa.
Yangu ni ile ya juu, yenye doa.
Mhakiki wa pili ameandika: “Nilitaka kuipenda.”
Sijapata kusoma barua ya mapenzi
mara nyingi namna ile.

Basi, shahada ya uzamivu.
Neno lenyewe halikuwaficha kitu: mtu anazama.
Walionipokea mimi walinionyesha madirisha,
printa, pa kufungia baiskeli.
Hawakuniambia kuwa huko chini
siku moja mkono utagusa kitu kidogo,
kama punje ya shayiri, si zaidi,
na kwa muda huo duniani kote
unakijua wewe tu;
kwamba itakuwa saa tisa za usiku,
mto Emajõgi umeganda, taa za korido zimejizima,
na furaha itakukaba kama mfupa wa samaki
kwa kukosa wa kumwambia.

Namba yangu iko ubaoni,
chini ya ile hesabu isiyofutwa.
Pigeni.
Nitakuwa macho.