Nambari Arobaini na Moja

Kesho yake, baada ya arobaini ya Bi Siwema,
tulipokuwa tunagawana vyombo pale Magomeni,
ilidondoka kutoka kwenye mizani yake ya karanga:
duara la shaba ya njano, zito, lenye tundu juu,
chumvi na masizi vimeziba herufi.

Nikaisugua kwa ndimu na majivu.
Upande huu: mpini, kitu bapa mwishoni,
mistari mitatu inayojipinda.
M, kisha R, kisha O. Kisha PITA.
Mwaka wa sabini na kitu; kitu chenyewe kimelika.
Upande wa pili: 41. Basi.

Mjomba Zuberi hakungoja hata chai.
"Mkuki huo. Hii ni ya vita, ya Kagera."
Nani kwetu alikwenda Kagera?
Akainuka, akaenda kupima kabati kwa shubiri.

Mama Deogratia wa nyumba ya pili aliapa ni ya kwaya.
Sonara wa Kisutu aliidondoshea asidi, akasema,
"Si dhahabu, dada,"
kana kwamba nilikuwa nimemshitaki.
Muuza sarafu kuukuu karibu na Posta
alitaja elfu nne; alipoona sibanduki, elfu sita.
Nikamuuliza, ni ya nini?
Akanijibu, "Ya elfu sita."

Mimi kazi yangu ni vipimo.
Nazunguka masokoni na muhuri wa serikali,
nimekamata Tandale mawe yaliyotobolewa tumboni
yakajazwa nta, yakapakwa rangi yakapendeza.
Basi nikaipima. Ndiyo lugha niliyosomea.
Gramu mia moja na thelathini na moja.
Na bibi, miaka yote, aliiita nusu robo.

Nusu robo ni mia na ishirini na tano.
Kwa hiyo kila mteja aliondoka na gramu sita
asizozilipia, karanga kumi hivi, za chumvi, za moto.
Nikaanza kuzidisha kwa siku, kwa miaka.
Nikaacha.

Gerezani, kwenye karakana ya mabomba,
Fundi Mbawala, ambaye sikio moja lililiwa na mashine,
aliigeuza mara moja kwa kidole gumba,
miwani ingali mfukoni.
"Koleo hilo," akasema. "Na hayo ni maji."

Masika ile maji yaliingia mpaka vitandani.
Ukachimbwa mtaro, watu arobaini, usiku na mchana,
matope hadi ukakutana na Msimbazi.
Ofisi ikaagiza nishani arobaini, za bati jembamba,
MTARO UMEPITA,
"na mpigaji ni mimi, mkono huu."
Kwenye orodha walikuwamo wachimbaji tu.
Aliyekuja saa nane za usiku, maji kiunoni,
sufuria la uji kichwani, hata kata haijamwagika,
hakuwamo.
"Niliuliza. Wakaniambia uji si kazi."

Akapangusa mikono, ingawa haikuwa na grisi.
"Kengele ya kutoka ilipolia mimi nikabaki.
Nikakata kipande cha valvu mbovu, kinene,
sikutaka chake kiwe cha bati.
Nikakipiga muhuri uleule.
Nambari nimeiongeza mwenyewe."

Na yeye alisema nini, ulipompa?

"Yeye? Aliirusharusha kiganjani, hivi.
Akaniuliza ina uzito gani.
Nikamwambia, nusu robo, na kidogo.
Akasema, hicho kidogo ndicho ninachokitaka."

Sheria iko wazi, naijua kifungu kwa kifungu:
jiwe lisilo na muhuri wetu likamatwe,
mwenye nalo aandikiwe.
Nilikuwa na kitabu cha risiti kwenye mkoba.
Nilikuwa na kalamu pia.

Nilipomweleza habari ya zile karanga kumi
Fundi alinigeuzia sikio zima nirudie,
nikarudia, akacheka hadi akashika jiriwa.
Kisha akanyamaza, akanirudishia shaba yangu
ikiwa na joto la mkono wake.
"Na karanga," akauliza, "anauza nani sasa?"

Nikamwambia mizani kachukua mjomba.