Fundo Si la Shangazi

Shangazi Kokugonza hafungi mzigo kwa gundi.
Hufunga kwa kamba ya mkonge, msalaba, kisha fundo
analolibana kwa meno, akiacha masharubu mawili
marefu sawasawa.

Leo kaunta ya Nyegezi wamenisukumia boksi
lenye utepe wa plastiki, mpya, unaolia ukiguswa,
na fundo la mtu
anayefunga huku akitazama mlango.

“Saini hapa.”
“Nani amefungua?”
“Mizigo hufunguka yenyewe, dada. Barabara ya Geita unaijua.”

Naijua. Inavunja mayai, haisokoti kamba.

Nikaomba mzani. Risiti ya Muleba: kilo nne na robo.
Mzani wao: nne na nusu, sindano ikatulia hapo bila haya.
Karani akacheka mpaka stakabadhi zikamdondoka:
“Umeongezewa, na bado unalalamika!”

Nikafungua palepale, mbele ya foleni.
Kahawa ipo. Kitenge kipo. Senene wapo,
pungufu ya mkono wa Shangazi, ila siwezi kuapa.
Barua aliyoikunja mara nne imekunjwa mara tatu:
mtu amesoma habari za goti lake, za deni la mazishi,
kisha akairudisha, kwa adabu, katikati ya kahawa.
Na chini kabisa, kiatu cha mtoto,
chekundu, cha kushoto, kipya.

Foleni ikanyamaza.

Sikusomea sheria. Nashona sare za shule Mabatini.
Lakini mteja akiniachia kitambaa
sikikati bila yeye kujua,
na kikipungua sisingizii panya.
Mlikuwa na sababu ya kufungua? Mngeniita.
Mngeandika: saa fulani, mikono ya fulani.
Yale maandishi ya sisimizi nyuma ya risiti,
“kampuni haitahusika”, nimeyasoma kwa miwani.
Hayakusema mnaruhusiwa kusoma barua.

Nikachukua kalamu yao iliyofungwa kaunta
(hiyo wameifunga vizuri),
nikaandika juu ya saini, kwa herufi kubwa:
NIMEPOKEA UKIWA UMEFUNGULIWA.
Nikapiga picha. Nikadai nakala, nikadai mhuri.

Kiatu nimekiacha juu ya kaunta,
ncha yake imeelekea mlangoni.
Mahali fulani, Sengerema au Magu,
mtoto amevaa cha kulia peke yake,
na mama yake anaambiwa
barabara ni mbaya.