Dakika Kumi na Moja za Giza

Wameanza tena. Chungu cha malwa hakijapoa,
mirija haijakaa sawasawa mdomoni,
na Oboth amekwisha kusema Mbale ilikuwa bora.

"Mbale?" Ikwap anacheka mpaka povu linamtoka puani.
"Mbale walipiga kama watu waliokwishalipwa.
Tororo ndiyo. Ukumbi wa Reli, themanini na mbili,
spika mbili za kuazima kanisani,
na Mwamba Mkavu wakiwa na njaa."

Mimi ni fundi wa televisheni. Sina upande.
Kaseti zote mbili ziko mezani kwangu
tangu binti wa marehemu mpiga besi alipozileta
ndani ya mfuko wa saruji,
utepe umeota ukungu kama ndevu za mbuzi.
Nimezipangusa kwa spiriti na pamba, usiku nane.
Anataka kutoa moja, iuzwe, wajukuu wasome.
Moja. Fedha haifiki mbili.
Hukumu ikaangukia chungu hiki.

Oboth ana hoja, nisimnyime.
Mbale picha ni safi: unaona vidole vya Wamimbi
vikitembea juu ya nyuzi, unaona pete,
unaona jasho likichagua njia shingoni.
Tororo unaona nini? Wimbo wa tatu, katikati,
umeme ukakatika.
Kamera ya kiwanda, kwa betri yake,
ikaendelea kutazama. Dakika kumi na moja
hakuna kitu. Weusi.
"Nani atanunua weusi?" anauliza. "Kata hapo,
shona hapa, nani atajua?"

"Nitajua mimi," anasema Ikwap.

Kwa sababu ndani ya weusi ule hawakunyamaza.
Magitaa yalikufa, ndiyo, yakabaki mbao na waya,
lakini ngoma hazijawahi kuomba ruhusa ya umeme.
Magumba alipiga peke yake,
watu mia tatu wakawa kiganja kimoja,
na nje lori la askari likaja polepole,
likasimama,
likakaa,
likaenda.
Ukitega sikio utasikia injini yake.
Utasikia pia kwamba hakuna aliyepunguza makofi.

"Lori! Mtu anunue kaseti asikie lori!"
Oboth anapiga paja. "Hapa Tororo, njia ya Malaba,
malori tunayapata bure."

Tukacheka sote. Hata Ikwap, kwa kuibia.

Hapo Nambozo alikuwa amefika na birika la maji ya moto.
Huwa hasemi. Huongeza maji, huhesabu wadeni.
"Dakika ya saba," akasema,
"kuna mtu anapiga kelele: Usiache, wewe! Usiache!"
Ipo. Nimeisikia mara ishirini,
nikadhani ni mlevi.
"Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nimesimama nyuma, mlangoni, na viatu mkononi.
Kamera haikufika huko.
Katika picha zenu, safi na chafu, simo.
Nimo gizani tu."
Akamimina. Chungu kikachemka upya.
Akaenda kwa meza nyingine, wanaodaiwa zaidi.

Oboth aliufuta mrija wake kwa muda mrefu,
mrija uliokuwa safi.
"Basi tupunguze," akasema. "Tuache dakika tano."
"Na ya saba utaitia wapi ndani ya tano?"

Wakahamia ubishi wa zamani, ule usiozeeka:
kwamba Mbale walipiga polepole, kama maziko,
na Tororo mbio, kama wezi.
Ikwap anasema ni njaa. Oboth anasema ni woga.
Mwingine akataja pombe.

Mimi nikavuta malwa, kimya.
Siku tulipotazama Mbale
mpira wa mashine yangu ulikuwa umelegea.
Niliubadilisha kabla ya Tororo.
Sijawaambia.
Jumamosi watakuja kutazama tena, wameshaahidi,
na Nambozo ameuliza ni saa ngapi.