Kura ya Kangomba

Somoe kapiga simu kutoka Ohayo.
Kwangu kumekucha, naanika korosho;
kwake bado usiku, sauti imemkauka:
"Shangazi, tulikuwa wengi, tumeshindwa."

Wengi, mkashindwa?

Ghalani Newala, karani akikuibia kilo mbili
hakilali kijiji hadi mizani ifunguliwe.
Kwao yapo majimbo mazito na majimbo mepesi,
na kura yake, anasema, ni ya kangomba:
imekwenda bei chee kabla msimu haujaanza.

Hakutaka makubwa.
Insulini ya mumewe ishuke bei.
Mabomu yakome.

"Basi utapiga tena?"
"Nitapiga. Kwa hasira tu, nitapiga.
Na wewe, ulipiga?"

Nikageuza korosho upande wa pili,
nikamuuliza kama kwao kumenyesha.