Ukurasa wa Saba

Saa kumi na moja alfajiri gazeti linatupwa mlangoni
na Girijavva ameshaketi, mgongo ukutani,
vidole vikingoja kama wanafunzi wa dawati la mbele.
"Kaka, anza."
Mimi ni mdogo wake. Huniita kaka asubuhi tu,
akihitaji macho yangu.

Naanza. Waziri kasema, mpinzani kajibu...
"Ruka. Maneno ya waziri hayatahiniwi.
Nipe kamati, kifungu cha katiba, mwaka."
Nampa. Anavihifadhi mwilini,
maana madaftari ya nukta nundu yalijaa tangu Agosti:
mikataba ya mipaka kwenye vifundo vya mkono wa kushoto,
vinamasi vinavyolindwa kuzunguka kiwiko,
hifadhi za simbamarara mbavuni, ubavu kwa ubavu,
riba ya benki kuu kwenye ndewe ya sikio
kwa kuwa, asema, hiyo hucheza kama hereni.
Nikimgusa kiwiko kwa bahati mbaya tukigawana mkate wa mtama
hunitajia kinamasi.

Mimi niliishia darasa la kumi.
Saa moja naosha glasi za chai kwa Basalingappa
na wateja, watahiniwa wote, wanabishana
kimbunga kipi kilipewa jina na nchi ipi.
Nawajibu nimeinamia karai.
Mmoja aliwahi kuniuliza nasoma kwa mwalimu gani.
Nikamwambia: kwa dada. Ada ni kuamka.

Basi Novemba ile, Alhamisi,
nilifunua ukurasa wa sita, nikauona wa saba,
nikarukia wa nane.
"Karatasi imelia mara mbili," akasema.
"Kurasa zimegandana, dada."
"Gazeti halina gundi, Mallappa."
Jina langu. Si kaka tena.
Nikasoma.

Kitunguu, soko la Navalgund, rupia moja kwa kilo.
Wakulima wamemwaga magunia barabarani.
Picha sikumsomea. Picha haisomwi, nilijitetea moyoni,
na katika picha mzee amekalia gunia tupu,
kilemba kimelegea upande mmoja
kama baba anavyokifunga.
"Kuna picha?"
"Ipo. Ya barabara."
"Na watu?"
Maziwa ya jirani yalichemka yakamwagika, tukayasikia.
"Mmoja," nikasema.

Vidole vyake vilipanda begani, vikashuka,
vikatafuta pa kuliweka hilo,
vikarudi mapajani vitupu.
Kisha: "Uchumi. Sababu za bei kuporomoka.
Rudia aya ya pili, polepole."
Nikarudia. Sauti yangu ilikuwa na mchanga.

Jioni tulimpigia baba. Alisema mvua njema,
ng'ombe kazaa, dada yako ale.
Kitunguu hakukitaja.
Pesa ya chumba ilifika tarehe ileile, kamili,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Mtihani ulikuja Jumapili ya mvua ya kwanza.
Aliingia na mwandishi aliyepangiwa, binti mwenye kikohozi,
nami nikakaa nje ya lango, viatu vimelowa, mpaka jioni.
Hakuniambia yalikuja maswali gani. Sikuuliza.
Hili ni jaribio la nne. Matokeo yana miguu yake.

Jumatatu nilipofumbua macho
gazeti lilikuwa tayari magotini mwake.
"Leo soma kutoka nyuma," akasema,
"na usiruke kitu."
Nikasoma kriketi. Nikasoma nyota: Mizani wajihadhari na mashemeji.
Nikasoma tangazo la dawa ya upara,
la kasuku aliyepotea, kijani,
anajua Kikannada na tusi moja,
atakayemwona atapewa sanduku la peda za Dharwad.
"Tusi gani?"
"Hawakuandika."
Akacheka, akacheka ameshika mbavu,
simbamarara wote wakatawanyika.