Vyanzo Vingine

Mimi ndiye mhasibu wa shule ya Kara-Dong.
Miaka kumi na tisa nasaini makaa:
tani ngapi zimeingia, ngapi zimekuwa majivu.
Theluji siisaini. Hiyo huingia bila risiti.

Mwezi wa kumi wizara ilituma mhandisi,
Asylgul, binti mdogo, buti kubwa kuliko yeye,
na kamera inayoona joto.
Usiku akatusimamisha uani, walimu wote,
akatuonyesha shule yetu kwenye kioo:
madirisha mekundu, paa la manjano,
mlango wa nyuma unawaka kama jeraha.
"Mmekuwa mkiipasha moto mbingu," akasema,
"na mbingu haijawahi kushukuru."
Mwalimu mkuu akakohoa.
Nami nikaficha mikono mifukoni
kana kwamba ni mimi niliyeacha wazi.

Kisha akauliza mabomba.
Choo cha wavulana, koki ya tatu kutoka mlangoni,
inatona tangu mwanangu yuko darasa la pili;
leo mwanangu anaendesha lori Urusi.
Jioni akatega ndoo. Asubuhi ndoo imefurika,
barafu imetambaa hadi kizingitini.
Haba na haba, husema wasemao, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba kikijaa
nani ainuke akafunge.

Siku tatu alipima kuta, vioo, balbu.
Ya nne akaja ofisini na karatasi,
akaurudisha mlango taratibu,
nikajua: wizi.
Neno hilo nimelikalia muda mrefu, kama msumari kwenye kiti.

"Hesabu hazikutani," akasema.
"Kwa kuta hizi, kwa baridi ile
ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
makaa uliyosaini yasingefika Februari.
Mmechoma kuliko mlivyonunua.
Tani kumi na moja zaidi.
Zimetoka wapi?"

Nimezoea kuulizwa zimekwenda wapi.

Tukashuka ngazi hadi chumba cha tanuri.
Toktosun ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nyusi zake ziliungua zamani, hazikurudi.
Nyuma ya rundo, chini ya turubai,
matofali ya samadi kavu ya ng'ombe wake
yamepangwa kama vitabu, mgongo kwa mgongo,
na magunia mawili ya makaa yenye alama ya duka, si ya serikali.
Alilitazama koleo, hakututazama sisi.
"Lori lenu huchelewa," akasema.
"Ng'ombe hawachelewi."

Ndipo nikamkumbuka mkewe, Nurkamal,
sokoni kila Januari na makoti mawili.
Nilidhani ni uzee.

Fomu ya ruzuku ilikuwa na kurasa ishirini na sita.
Ukurasa wa kumi na nne:
Vyanzo vingine vya nishati, eleza.
Mistari miwili, myembamba.
Asylgul akasema andika samadi.
Niliandika Toktosun.
Wizara ikairudisha: jina la mtu si aina ya nishati.
Nikaituma tena vilevile, na muhuri juu.
Mara ya pili hawakuirudisha.
Labda walichoka. Labda yupo karani kule
ambaye baba yake naye alikuwa na koleo.

Majira ya joto mafundi wakaja:
pamba ya mawe ndani ya kuta, vioo vya tabaka tatu,
koki zinazojifunga zenyewe, ambazo watoto
walizibonyeza siku nzima ya kwanza, wakamaliza tangi.
Tanuri jipya linakula theluthi ya lile la kale.
Begimay wa darasa la sita amevua kofia,
kumbe ana masikio, wenzake wakacheka.

Toktosun wamempa mita asome.
Mara moja kwa siku, waliandika.
Anaisoma mara tano,
kama anayempapasa paji mgonjwa aliyekwisha kupona.

Jana nilimwona Nurkamal sokoni,
anabishania bei ya vitunguu.
Koti moja. Vifungo wazi.