Msumari Nyuma ya Bomba

Uwanja wake ni hatua tatu kwa mbili.
Nimeuhesabu kutoka juu, ghorofa ya pili,
katika kichochoro cha Palermo ambako nyumba zimebanana
hata jua hushuka kwa zamu.
Mapipa mawili, ndoo ya rangi iliyotobolewa kitako,
na kiti kimoja cha Nunzia.

Mwezi wa nne alifukia mbegu za mumunye,
akafunga kamba kwenye dirisha la kwanza,
kamba ikaisha, akaunga kipande cha wavu,
wavu ukaisha, akaunga mkanda wa suruali.
Nilidhani anataka kuanika nguo.

Juni mmea ulikuwa kwa mwalimu wa fidla, chini yangu,
ukishika kila kitu kwa vikono vyake
vilivyojisokota kama waya wa simu za zamani.
Julai nafungua roshani, kahawa mkononi,
nakuta kikono kimekamata reli yangu.
Sikuukaribisha. Wala haukubisha hodi.

Nikanyoosha mkono niung'oe.
"Ewe wa juu!" Sauti ikapanda ukuta.
"Usivute! Kushoto kwako, nyuma ya bomba,
kuna msumari. Ufunge hapo."

Miaka miwili nakaa humu.
Bomba hilo nimelipaka rangi mimi mwenyewe.
Nikapapasa:
msumari upo, umepinda, umeliwa na kutu.

"Aliugonga Gaspare," akasema,
"mwaka tuliohamia humo ulimo.
Nyundo hakuijua kabisa."
Kisha akajipiga goti
kama mtu apigaye punda aliyegoma:
"Haya hayapandi ngazi tena.
Ndiyo maana nimeutuma mmea."

Husemwa mumunye huharibikia ukubwani.
Labda la chini, linalojikunja udongoni kama nyoka.
Haya yetu yaliachiwa hewa,
yakanyooshwa na uzito wake yenyewe,
marefu kama mguu wa mtoto wa shule,
yakipita mbele ya dirisha la mwalimu
ambaye sasa huyasogeza kwa mkono
ili aone kama mvua inakuja.

Tuna utaratibu, haujaandikwa popote:
yeye humwagilia, mimi hukata.
Nakata vilele kwanza, majani machanga yenye malaika,
nayajaza kikapuni, nakiteremsha kwa kamba,
kinagonga ukuta, kinasimama kwa mwalimu
(huchukua fungu lake, hasemi asante,
usiku hupiga fidla taratibu kidogo),
kinafika.
Saa saba kikapu hunirudia kizito:
sufuria imefungwa kwa taulo,
tambi zilizovunjwavunjwa, nyanya,
na majani yale yale, yamelainika.

Jana aliniuliza kama mlango wa roshani
bado unakwama.

Bado, nikasema.

"Uinue kidogo," akasema,
akitazama juu, kiganja kikikinga jua,
"halafu usukume."